Kutu Iliyorudi Mara Nne

Alhamisi hiyo, kabla ya kunywa hata chai, Jonah Kyule alipitia uwanja wa kanisa pale Ikutha kwenda kuigusa pikapu. Alikuwa amefanya hivyo kila asubuhi kwa siku ishirini na mbili, tangu amalize kuipaka rangi. Hakuwa akiitazama, maana macho ya fundi mwenye hofu huona hata kisichokuwepo. Alifumba macho na kupitisha vidole juu ya boneti, polepole, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Siku zote ishirini na mbili vidole viliteleza. Siku ya ishirini na tatu vilijikwaa.

Lilikuwa lengelenge moja, dogo kama punje ya mtama. Akafumbua macho akaona la pili na la tatu, na karibu na taa ya kushoto ukoo mzima umekusanyika. Akaketi kwenye changarawe, mgongo kwenye tairi.

"Imerudi," alisema. Hapakuwa na wa kumsikia ila kuku wa mchungaji.

Asiyemjua Kyule angeshangaa kuona mtu wa miaka hamsini na nne, mwenye mvi na wajukuu wawili, ameketi chini karibu kulia kwa sababu ya kipele cha rangi. Lakini hiyo ilikuwa mara ya nne kutu kumrudia, na alikuwa amejiambia kwamba hakutakuwa na ya tano. Ikirudi hii, anafunga kazi. Na akifunga kazi Ikutha, hana pengine pa kwenda ila Mombasa. Na akienda Mombasa, hana mke.

Jambo la mke lilikuwa halina utata, kwa sababu Nduku mwenyewe hakuwa mtu wa utata. Kyule aliondoka kijana, akaenda pwani, akafanya kazi ya bodi za magari miaka kumi na tisa katika yadi moja kubwa. Huko alipata jina. Aliweza kuunyoosha mlango uliokunjwa na lori mpaka mwenyewe asijue ulikunjwa wapi. Nduku alibaki Ikutha na shamba la mbaazi na ndengu, na mtungi wa maji, akawazaa na kuwalea watoto watatu. Kyule alikuja Krismasi, na alikuja kwenye mazishi. Kisha, miaka sita iliyopita, akapokea ujumbe kwenye simu: "Rudi, au usirudi tena." Nduku hakuongeza hata nukta.

Kyule akarudi na grainda, mashine yake ya kusugulia chuma, kwenye gunia. Jioni ileile, pale mlangoni pa jiko, akaapa viapo viwili. Cha kwanza, kwamba Mombasa amekwisha nayo. Cha pili kilimtoka alipomwona mkewe mwangani. Kwenye paji la uso la Nduku kulikuwa na mfereji, alama ya mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wa Ukambani huupitisha kwenye paji la uso na kuubebea mtungi mgongoni. Maji matamu ya Ikutha hutoka kwenye mashimo yanayochimbwa katika mchanga wa mto. Ni mwendo wa saa mbili kushuka, na kupanda usiulize. Njia ni ya mawe na pikipiki haifiki, na punda wao alikufa kwa kiangazi. Kyule aliutazama ule mfereji, akaona haya, akasema, "Maji unayoyabeba wewe, hata tone moja halitagusa gari la mtu. Ya magari yatatoka kwa pampu."

Pampu ya sokoni haikauki, lakini maji yake ni ya munyu, ya chumvi. Ng'ombe huyanywa, watu huyafulia, na sabuni hukataa kutoa povu. Kwa kusugulia bati la gari yalitosha kabisa. Jumapili iliyofuata Nduku alisimama kanisani wakati wa ushuhuda akasema, mbele ya watu wote, kwamba Mungu amemrudishia mume anayeyaheshimu maji yake. Wanawake wakapiga vigelegele. Kyule alitazama viatu vyake, lakini moyoni alijaa.

Basi akafungua kazi chini ya mabati kando ya soko, na hapo ndipo mateso yalipoanza.

Gari la kwanza lilikuwa la Mutie, mwenye duka la mbegu. Kyule alilisugua kutu kwa brashi ya waya, akaliosha, akalipaka, likang'aa, Mutie akamwita jirani aje ajitazame kwenye mlango. Mwezi haukuisha, mlango ukafura vipele. Mutie akaitukana mikono yake, na Kyule hakubishana. Alijua kosa la brashi ya waya: mkono ukichoka, brashi huacha kuing'oa kutu, huipiga msasa tu mpaka ing'ae, nawe ukadhani umefika kwenye bati. Akaitupa brashi.

La pili alilitengeneza kwa grainda na diski ya mawe. Hiyo haina mchezo. Kutu iliondoka na bati likaondoka nayo. Sehemu moja akaliona jua upande wa pili. Akaziba, akaosha, akapaka. Likafura. Akasema ni moto wa diski, umelichoma bati. La tatu akatumia dawa ya kutoa rangi, ile inayofanya rangi ijikunje kama maziwa yaliyochemka, kisha akakwangua kwa skrepa aliyoitengeneza mwenyewe kutoka kwa springi ya lori. Likafura vilevile. Akasema ni dawa, haikuoshwa vizuri, na siku hiyo alikuwa ameiosha kwa ndoo kumi na mbili za maji ya pampu.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kyule alisingizia kila kifaa alichowahi kukishika, kimoja baada ya kingine, na kila alipokitupa kimoja alipunguza mteja mmoja. Watu wa soko hawakosi la kusema. Wengine walisema huko Mombasa alikuwa anafagia yadi. Wengine, kwa sauti ya chini, walisema mkono wake umefungwa. Ilifika mahali akipita, mwenye gari hulisogeza.

Ndipo kanisa likanunua pikapu kuukuu, ya kuwapeleka wagonjwa hospitali na kumpeleka mchungaji kwenye makanisa ya mbali. Ilikuwa imeishi pwani, na kutu ilikuwa imeila boneti na kingo za milango. Mzee wa kanisa Evanson Nzau, mwalimu mstaafu, alimwendea Kyule mwenyewe.

"Fundi," alisema, "wengine wanataka tuipeleke Kitui. Mimi nimesema tukupee wewe. Usiniangushe. Hii gari ni ya Bwana, na mimi ndiye nimesimama kwa kamati."

Kyule alipanda gari siku iyo hiyo mpaka Kibwezi, barabara ya Mombasa, kwenye duka la vifaa la Kagure. Kagure ni mama wa kutoka Murang'a aliyehamia huko zamani, na anaijua misasa kuliko mafundi wengi wanaoinunua. Kyule alimweleza yote kama mgonjwa kwa daktari. Kagure akavua miwani.

"Baba, wewe umekuwa ukiua nzi na shoka," akasema. "Diski ya mawe ni ya kukata chuma. Chukua hii." Akamwekea mezani gurudumu jeusi la nyuzi ngumu, jepesi, lenye matundu kama mkate. "Hii inakula rangi na kutu, bati haigusi. Kwa kona ingia na skrepa ndogo na msasa wa namba themanini, na mkono, pole pole. Halafu mia moja ishirini. Halafu msasa wa maji. Mpaka bati iwe nyeupe. Hapo hakuna kutu duniani itarudi."

Alisema kweli yote, Kagure. Tatizo ni kwamba mafundi anaowauzia huosha magari kwa maji ya Kibwezi, yanayotoka kwenye chemchemi, matamu kama ya mvua. Hakufikiria kuuliza, na Kyule hakufikiria kusema.

Kabla ya kuanza, wazee wa kanisa waliomba wavibariki vifaa. Kyule alikuwa ameshafika pale mtu hakatai kitu. Alivipanga kwenye meza ya sakramenti: grainda, gurudumu jeusi, skrepa tatu, misasa. Wakaviombea nusu saa, na Mzee Nzau akavipaka mafuta kimoja kimoja. Kyule alisema amina, kisha akashinda mchana mzima akiyatoa yale mafuta kwa thina, dawa ya kuyeyushia rangi, maana rangi na mafuta haziwezi kukaa nyumba moja, yawe ya upako au ya kupikia.

Akafanya kazi siku tisa. Hakuwa amewahi kufanya kazi namna hiyo, hata Mombasa. Kila kona ya boneti aliifikia kwa skrepa, akalikwangua bati likawa jeupe kama sahani. Akasugua kwa msasa wa maji, akiuchovya kwenye ndoo ya pampu. Akasuuza, akasuuza tena kwa pampu ili pasibaki hata vumbi, akaanika. Nyumbani, pipa la Nduku lilikuwa limefunikwa kwa ubao na jiwe juu. Hakulisogelea.

Na sasa, siku ya ishirini na tatu, lengelenge.

Mzee Nzau alimkuta akiwa bado ameketi kwenye changarawe. Hakuhitaji kuelezwa. Alipitisha mkono kwenye boneti, akautoa, akaupangusa kwenye suruali kana kwamba ameshika kidonda.

"Jonah," alisema. Hakumwita fundi. "Jumatatu tutaipeleka Kitui. Nisamehe."

"Hakuna kitu ya kusamehe, mzee."

Akaenda nyumbani, akachukua lile gunia la zamani, akaanza kuchagua vya kwenda navyo. Grainda, ndiyo. Gurudumu jeusi alilitazama kwa muda. Lilikuwa zuri, halikuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kama vifaa havina kosa, basi kosa ni mikono. Aliitazama mikono yake, ikamtia hofu. Mtu huweza kununua skrepa nyingine. Mikono atainunua wapi? Akalitia gurudumu guniani pia.

Nduku aliingia uani akitoka mtoni, ameinama mbele, mukwa umemkaza paji la uso. Akageuka, akaushusha mtungi kwenye jiwe, akajinyoosha. Akaliona gunia.

"Imerudi?"

"Imerudi."

"Na unaenda."

"Nitafanya nini hapa, Mama Munyao? Hata baiskeli hakuna mtu ataniletea. Hii mikono imekufa." Akalifunga gunia kwa kamba. "Kule wataniweka hata nifagie."

Kyule alingojea maneno aliyoyazoea, kwamba akienda aende na shati zote. Hayakuja. Nduku alijifunga leso upya.

"Kabla uende," alisema, "nionyeshe hiyo kitu. Miaka sita nasikia kutu, kutu. Sijawahi kuiona."

Wakaenda uwanjani pa kanisa, yeye mbele. Mzee Nzau alikuwa bado hapo, akizungumza na mlinzi. Nduku aliinama juu ya boneti, akausogeza uso kama anayechagua ndengu. Akabonyeza lengelenge kubwa kuliko yote. Lilicheza.

"Ndani kuna maji," alisema.

"Ni hewa. Ni kutu inasukuma."

Kwenye ua wa kanisa kulikuwa na mgunga. Nduku akavunja mwiba, akalitoboa lengelenge. Tone likatoka, moja tu, la rangi ya chai. Akaligusa kwa kidole, na kabla Kyule hajasema kitu, akakitia kidole ulimini.

Huyu ni mwanamke aliyeonja maji maisha yake yote. Shimo likichimbwa mtoni, wenzake humngojea Nduku aonje ndipo wateke. Huweza kukwambia maji ni ya shimo gani na mvua ilinyesha lini. Alifunga macho, akameza, akayafungua.

"Hii ni maji ya pampu," alisema.

"Maji ya pampu itaingia aje kwa rangi?"

"Sijui itaingia aje. Mimi nakwambia ni ya pampu. Onja."

Kyule akatoboa lingine, akaonja. Munyu. Ladha ileile ya soko, inayobaki nyuma ya ulimi. Mzee Nzau naye, kwa utu uzima wake wote na tai yake, akatoboa la tatu, akaonja, akatema pembeni. "Ni munyu," alisema. "Haki, ni munyu."

Ndipo Kyule akaviona vyote kwa pamoja, na havikumpendeza. Aliziona ndoo kumi na mbili. Akajiona akisuuza na kusuuza tena, kwa bidii ya mtu mwaminifu, akilipaka chumvi kwa mkono wake mwenyewe bati alilolisafisha siku tisa, kisha akiifunika kwa rangi ili isiweze kutoka. Chumvi ilibaki chini ya rangi ikivuta maji, na maji yakaiita kutu. Brashi ya waya haikuwa na kosa kubwa hivyo. Dawa haikuwa na kosa. Mutie alikuwa ameitukana mikono yake bure, na yeye alikuwa amevitupa vifaa vyake bure.

"Kule Mombasa ilikuwa ya mfereji," alisema polepole. "Maji tamu."

Nduku alikuwa akimtazama. "Na hapa nyumbani maji tamu iko. Iko kwa pipa. Mbona hukuchukua?"

"Niliapa."

"Uliapa." Nduku alilirudia neno, na uso ukamgeuka, na Kyule hakujua kama atacheka au atampiga. "Miaka sita unalala ukiangalia mabati, unasema mikono imekufa. Leo ulikuwa unaniacha. Kwa sababu ya kunihurumia maji! Ungeniuliza, Baba Munyao! Nani alikwambia mimi siwezi kukupea maji?"

"Nilikuwa naogopa kuiangalia hiyo alama," Kyule alisema, na machozi yakamtoka mbele ya mzee wa kanisa. "Kila nikiiangalia najua ni mimi nimeichimba."

Nzau alijitia kuangalia tairi. Kisha akakohoa, akasema kamati ni kamati, lakini boneti peke yake anaweza kuiruhusu kwa jukumu lake mwenyewe. Boneti irudiwe kabla ya Jumatatu, gari liendelee na kazi, wangoje siku ishirini na tatu. Likifura hata lengelenge moja, basi. Hataweza kumsimamia tena mbele ya kamati.

Kyule alipiga hesabu ya kukwangua, kuosha, kufuta, kuosha tena, kusuuza. Mitungi tisa. Kwenye pipa mlikuwa na mitatu. Nduku akasema atashuka mara sita, na wao wawili watakunywa chai ya munyu siku hizo, chai ya munyu haijaua mtu. Alianza kuondoka kwenda kuuchukua mtungi.

"Hapana," Kyule alisema.

Walipofika nyumbani, aliingia jikoni kabla yake. Pale ukutani palikuwa na misumari miwili, mmoja wa kutundikia mukwa wa Nduku, na mwingine umeushika mukwa wa zamani wa mama yake Kyule, mgumu na mweusi kwa jasho la mtu aliyekwisha kufa. Akautwaa ule wa zamani, na mtungi wa pili. Katika maisha yake alikuwa amechagua vifaa vingi, akauliza bei, akalinganisha misasa kwa kidole gumba. Hiki hakukiulizia lolote.

"Watu watakucheka," Nduku alisema. Mwanaume wa Kikamba hubeba maji kwa punda au kwa baiskeli. Kwa mukwa, habebi.

"Sisi wawili, mara tatu," Kyule alisema. "Twende."

Walicheka kweli. Kule mtoni, kwenye mashimo, wanawake waliangusha vibuyu. Jirani yao Wavinya alimuuliza Nduku, "Mwaitu, mama yangu, si ulisema punda wenu alikufa?" Kyule alijaza mtungi, akachuchumaa akauegemeza mgongoni kama alivyoonyeshwa, akaupitisha mukwa kwenye paji la uso, akasukuma. Mtungi haukunyanyuka. Akasukuma tena, shingo ikalia, akaangukia magoti. Mara ya tatu alibaki pale mchangani, kichwa kimevutwa nyuma, akitazama mbingu isiyo na wingu. Vicheko viliisha kimoja baada ya kingine.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku," Nduku alisema.

"Hata ukiwa na mimba ya Munyao?"

Nduku alikuwa ameshabeba wake, amesimama. Alinyoosha kidole juu, kule njia inapopanda, penye mwamba mweupe.

"Uchungu wa Munyao ulinishika pale," alisema. "Nikafika nyumbani na maji."

Kyule hakuwa akilijua hilo. Siku hiyo yeye alikuwa Mombasa, analing'arisha gari la mtu. Akainamisha kichwa mpaka mukwa ukamla kwenye mfupa, akaweka mkono mchangani, na Nduku, akiwa na mzigo wake mgongoni, akaushika mtungi wa mumewe kwa nyuma akausukuma juu. Kyule akasimama.

Walipanda. Penye mwamba mweupe Kyule alisimama.

"Usisimame hapo," Nduku alisema bila kugeuka. "Mimi nilisimama, na kuanza tena ilikuwa ngumu. Tembea, boneti inangoja."

Kyule akatembea.